Pweza Hamjui Mama Yake

Mazungumzo haya niliyatoa uwanjani pa skuli, kijijini kwetu kusini Pemba, jioni ya kuamkia siku ya kufunguliwa mwamba, ule tuliouzuia kuvuliwa pweza kwa muda ili wakue. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokuwa bado baharini, na kwa wale waliokaa nyuma ambao upepo uliwaletea vicheko tu.

Assalamu alaykum.

Wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyinyi wanafunzi mliopanda ukutani ingawa mwalimu mkuu kesha sema mshuke, nashukuru kwa kuja.

Niliambiwa nizungumze juu ya pweza. Nikaona haya. Hapa mbele yangu wamekaa kina mama waliokuwa wakitia mkono pangoni kabla mimi sijazaliwa. Mimi ni mwalimu wa bayolojia, pweza wangu wengi ni wa vitabuni. Lakini mama yangu naye alikuwa mchokoaji, mtu wa kumtoa pweza tunduni kwa kijiti, kwa hiyo nina kamguu kamoja mwambani, na hako ndiko nitakakosimamia.

Mama alinichukua mwambani nikiwa na miaka saba. Kitu cha kwanza alichonionesha hakikuwa pweza, ilikuwa takataka. Maganda ya kaa, vipande vya kombe, kome waliovunjika, vyote vimetupwa mbele ya tundu ambalo mimi ningelipita mara kumi. Akaniambia, "Hapa pana mtu." Hakusema pana pweza. Alisema pana mtu, tena mchafu, anakula na kutupa mlangoni kwake.

Mambo hayo yeye alifunzwa na bibi, na bibi alifunzwa na mama yake, na kamba hiyo inarudi nyuma mpaka siuoni mwanzo wake. Sasa naomba mlishike jambo moja, maana ndilo lililonileta. Yule aliyekuwemo ndani ya tundu hakufunzwa na mtu. Mama yake alikufa siku zile zile alizoanguliwa yeye. Baba yake alikwisha kwenda zamani. Hakupata kuoneshwa na mkubwa wake namna ya kumshika kaa bila kubanwa, wala kwamba mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ni adui. Kila anachokijua kakijua peke yake, na muda wote aliopewa, kwa huyu pweza wetu wa mwambani, ni mwaka mmoja na kitu kidogo.

Tuanze na nasaba. Ukimuuliza mtoto pweza ni jamaa ya nani, atakwambia samaki. Siyo. Pweza, ngisi na dome ni ukoo mmoja na kome, chaza na konokono. Mama akirudi pwani na kikapu chenye pweza juu na kome chini, basi kabeba mtu na binamu zake. Jamaa hao wengine walichagua ganda. Wamejifungia ndani, na akili wanayohitaji ni ndogo. Kuna konokono mmoja wa baharini anayetumiwa sana na watafiti, chembe zake za fahamu ni kama 20,000 tu. Pweza ganda alilitupa. Akabaki nyama tupu, laini, tamu, hana mfupa hata mmoja, katika bahari iliyojaa meno. Kiumbe wa namna hiyo ama awe mwerevu ama aliwe. Chembe zake za fahamu zimehesabiwa, ni kama milioni 500.

Na hizo milioni 500 haziko kichwani zote. Kiasi cha theluthi mbili zimo ndani ya minyiri, ile mikono yake minane. Mnasikia watu wakisema pweza ana bongo tisa. Hayo ni maneno ya kunogesha. Ubongo ni mmoja, nao umekaa kama pete kulizunguka koo, hata tonge analomeza linapita katikati ya ubongo wake. Lakini kila mnyiri umepewa uhuru wa kujiamulia mengi. Ubongo unasema "tafuta chakula upande ule," na namna ya kujikunja, kupenya na kushika, mnyiri unajua wenyewe. Ni kama nahodha na mabaharia wazoefu. Nahodha hamwambii baharia ashike kamba kwa vidole vingapi.

Vikombe vya minyiri navyo havishiki tu. Vinaonja. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard walieleza kwamba kwenye vikombe vile mna vipokezi vinavyotambua ladha kwa kugusa, hasa ladha za vitu visivyoyeyuka vizuri majini. Kwa hiyo pweza anapopenyeza mnyiri ndani ya ufa asiouona, anakuwa anaramba ukuta. Kaa yumo, kaa hayumo, anajua kwa kugusa. Mama zangu, unapomtolea pweza kijiti naye akakishika, jueni kwamba anakuonja.

Sasa hili la jikoni. Nani hapa hajakata mnyiri ukang'ang'ania ubao? Tulipokuwa wadogo tukiambiwa hajafa vizuri. Kafa. Ni zile chembe za mnyiri zinaendelea na kazi kwa muda bila ya ubongo. Lakini swali zuri ni jengine. Minyiri minane, vikombe mamia kwa mamia, vyote vinashika chochote vikigusacho, vipi havishikani vyenyewe kwa vyenyewe akajifunga fundo? Mwaka 2014 watafiti waliichukua minyiri iliyokatwa wakaipa vitu vya kushika. Ilishika kila kitu isipokuwa mnyiri mwenziwe wenye ngozi. Walipouchuna ngozi, ikaushika. Maana yake ngozi ya pweza ina kitu kinachowaambia vikombe, "huyu ni wewe mwenyewe, mwachie." Jaribuni nyumbani kabla ya kutia nazi.

Damu sitaikalia sana. Ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba, siyo kwa chuma kama yetu. Mioyo ni mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja unaipeleka mwilini, na huo mkubwa husimama anapoogelea. Ndiyo maana mnamwona anapenda kutambaa. Kuogelea kunamchosha mpaka moyoni, nasema hivyo bila mafumbo.

Na kabla kijana fulani hajaniuliza juu ya supu ya pweza ya Forodhani na nguvu zake, mimi ni mwalimu wa bayolojia na hapa pana wazee. Ni supu nzuri, inashuka vyema na ndimu. Tuendelee.

Ngozi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mimi mwenyewe ninapochanganyikiwa.

Juu ya ngozi yake mna vifuko vidogo vya rangi, maelfu kwa maelfu, chengine cha manjano, chengine chekundu, chengine cha kahawia. Kila kifuko kimezungukwa na misuli. Misuli ikivuta, kifuko kinatanuka kama mwavuli unaofunguliwa na rangi inaonekana. Ikilegea, kinajikunja kuwa nukta. Misuli hiyo inapokea amri kutoka ubongoni moja kwa moja, ndiyo maana habadiliki polepole kama kinyonga bali kwa kufumba na kufumbua. Chini ya vifuko hivyo mna tabaka jengine linalorudisha mwanga kama kioo. Juu ya hayo anaweza kuinua vijinyama vya ngozi, akawa na miiba ya mwani au ukwaruzo wa jiwe. Watafiti waliomfuata chini ya bahari pweza wa aina hii hii yetu, anayetoka mchana, walimwona akigeuka karibu mara 1,000 ndani ya saa saba. Na anapolazimika kuvuka mchanga mtupu pasipo pa kujificha, anajifanya jiwe, halafu jiwe hilo linasogea polepole kwa mwendo ule ule wa vivuli vya mawimbi vinavyopita juu ya mchanga.

Haya, sasa tuone kama mtashangaa kama mimi. Jicho la pweza haligawi rangi. Lina aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, wakati letu la kuonea rangi lina tatu. Kwa lugha nyepesi, hazioni rangi kama tunavyoziona sisi, naye anazivaa. Mwaka 2015 ilioneshwa kwamba ngozi ya pweza yenyewe, hata ikitengwa na mwili, inahisi mwanga, na protini zinazofanya kazi hiyo ni za jamii ile ile iliyomo jichoni. Hata akilala ngozi haitulii. Huko Brazil walimrekodi pweza usingizini, dakika nyingi kapauka na katulia, halafu kwa muda mfupi rangi zinamwendea mbio mwilini, macho yanachezacheza, kisha anapauka tena. Kama anaota, anaota nini? Nadhani mkunga.

Wavuvi wa kuzamia waliopo hapa watanisaidia katika hili linalofuata. Mara nyingi ukimkuta pweza yuko mawindoni, hayuko peke yake. Yuko na wapambe. Pana mkundaji, yule mwenye ndevu mbili kidevuni, na pana chewa. Watu wengi walidhani samaki wale wanafuata makombo. Mwaka 2024 ilitoka kazi iliyofanywa Bahari ya Shamu, kwa kumpiga picha pweza wa aina yetu na wenziwe kutoka pande mbalimbali. Ikaonekana mkundaji ndiye anayetafuta njia. Anakwenda mbele, anamkuta mdudu kajificha kwenye ufa, anasimama pale. Pweza anaamua kwenda au kutokwenda. Akienda anafunika jiwe zima kwa utando wa minyiri yake na vilivyojificha vinakurupuka, huku na huku kila mtu anapata. Ni ushirika kama wa juya, pana wa kuangalia na pana wa kuvuta. Lakini katika kila ushirika yupo wa kusubiri kugawiwa. Hapo ni chewa, anaganda tu karibu ya pweza, hatafuti kitu. Basi pweza humpiga ngumi. Siyo mfano, ni ngumi, mnyiri mmoja unaruka mara moja unamchapa pembeni anasogea. Mzee mmoja hapa kaniambia, "Mwalimu, mimi hiyo nimeiona miaka mingi." Nami nilimjibu, tatizo ni kwamba wewe hukuwa na kamera.

Nani kamfunza haya? Rudini nilipoanzia. Hakuna.

Au tumtazame yule wa Indonesia. Kule pana pweza mdogo anayeishi kwenye matope, pasipo na mwamba wa kujificha. Watu wa pwani wanatupa vifuu vya nazi, kama sisi. Pweza anakichimbua kifuu, anakisafisha kwa kukipulizia maji, anakipakata chini ya tumbo na kuondoka nacho akitembea kwa ncha za minyiri iliyokazwa, kama mtu anayetembea kwa magongo. Wakati anakibeba hakimfai kitu, kinamchelewesha tu. Anakibeba kwa ajili ya baadaye. Akifika anaingia ndani, na kama ana viwili anavifunga juu na chini, kanazi kamerudi kuwa nazi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2009, na kila nikiisoma naona sisi wakwezi hatukuwahi kufikiria kwamba kifuu ni nyumba.

Dome naye asidharauliwe. Huko Marekani walimwekea dome vyakula viwili, kipande cha kamba anachokipata sasa hivi, na uduvi hai anaoupenda zaidi lakini mlango wake utafunguliwa baadaye. Dome walisubiri, wengine hata zaidi ya dakika mbili, tena wakikigeuzia mgongo kile chakula cha karibu. Nina wanafunzi ambao mtihani huo hawaupiti, na wengine wako juu ya ukuta.

La sumu nitalisema kwa ufupi kwa ajili ya watoto. Pweza ana mdomo mgumu kama wa kasuku, na mate yake yana sumu. Kwa kome mgumu asiyefunguka, hutoboa tundu dogo mno kwenye ganda, akatia mate yale, na misuli ya aliyemo ndani ikalegea. Baadhi ya makombe yenye kitundu mnayotungia shanga ni kazi ya mikono yake, au niseme ya ulimi wake. Kwa huyu wetu, mtu aliyeumwa atavimba na kusikia maumivu siku kadhaa. Lakini katika bahari za Australia na Asia yupo pweza mdogo mwenye pete za buluu, yeye sumu yake ni ile ile ya bunju, yule samaki mwenye sumu ya kuua. Na bunju mnamjua.

Sasa turudi kwa mama yake, maana hapo ndipo mwamba wetu ulipofungwa.

Jike likishapandwa huchagua pango, hutaga mayai mamia ya maelfu, kila yai ni dogo kuliko chembe ya mchele, na kuyatungika darini kwa mashada. Halafu hufunga mlango kwa mawe. Haendi tena kuwinda. Anayapulizia mayai maji mapya, anayafuta kwa vikombe vyake, anamfukuza anayekuja, na hali kitu. Anakonda, rangi inamtoka, kidonda hakiponi. Kwa huyu wetu inachukua wiki kadhaa. Kwenye bahari ya kina, pwani ya California, watafiti walimwona jike mmoja kashikamana na jabali kwenye kina cha mita 1,400, wakawa wanarudi kumtazama. Walimkuta pale pale juu ya mayai yale yale kwa miezi 53. Karibu miaka minne na nusu, wala hawakumwona akila hata mara moja.

Tulikuwa tukidhani anakufa kwa njaa. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jerome Wodinsky, alitoa tezi mbili ndogo zilizoko karibu ya macho kwa majike waliokuwa wakilalia. Wakayaacha mayai, wakaanza kula, wakanenepa, wakaishi miezi zaidi. Kumbe amri ya kufa iko mwilini mwake mwenyewe, imewekewa saa yake. Dume naye hapiti mbali, huchakaa na kufa baada ya msimu wake. Mayai yanapopasuka, watoto wana ukubwa wa milimita chache tu, wanapanda juu na kuchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini kutafuta tundu. Anaposhuka, hapo pwani hakuna mzee wake hata mmoja.

Lakini huo ufupi wa maisha ndio uliotupa faida. Mnyama anayetakiwa kumaliza kila kitu kwa mwaka mmoja anakua kwa pupa. Pweza mdogo mliyemwacha mwezi huu, mwezi ujao uzito wake unaweza kuwa maradufu. Samaki kama chewa ukimfungia miezi mitatu hutaona tofauti, pweza utaona. Watu wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, walianza kufunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004, na habari ikavuka bahari. Hapa kwetu Kisiwa Panza wamefunga na kufungua, na nyote mnajua watu wa huko walivyokuwa wakijigamba sokoni. Sisi tumefunga safari hii. Nasikia kwamba usiku pameonekana taa mwambani. Wenye taa wanajijua na mimi sitataja, ila nawaambia kwamba pweza mliwachukua wakiwa nusu kilo.

Nilimaliza hapo, nikaruhusu maswali. Mawili nayaandika.

Mtoto wa kike wa darasa la sita aliuliza, "Mwalimu, kama hana wa kumfunza, kaa wa kwanza alimshikaje?" Nilimwambia kwamba anazaliwa na minyiri minane tayari, na tangu akiwa anaelea anarukia vidudu vidogo vya majini. Hiyo kaja nayo. Ila kujua kaa yupi anabana, jiwe lipi ni mlango mzuri, na njia ya kurudi nyumbani baada ya kuzunguka, hayo anajifunza, na makosa yake mengi hayamwachi hai wa kukosea tena.

La pili halikuwa swali. Bi mkubwa mmoja, ambaye mama yangu alikuwa akimwita dada, alisimama akasema, "Wewe umesema la mawe mlangoni. Ulipokuwa mdogo ulimtoa mmoja."

Ni kweli. Nilikuwa na miaka tisa. Mawe yalikuwa yamepangwa, mimi nikafurahi kwamba nimemwona kabla ya mama. Alitoka bila ya kushindana, mwepesi, mweupe kama kitambaa kilichofuliwa sana, na nyama yake haikuwa na ladha. Mama hakunigomba. Alirudi pale pangoni akachungulia, akakaa kitambo kainama, kisha tukaondoka.

"Mimi nilikuwepo," alisema bi mkubwa. "Sote tunawaona hao. Akiwa mweupe hivyo na mawe yamebanwa kwa ndani, mimi hulirudisha jiwe kama lilivyokuwa nikapita."

Nikamwomba awaeleze vijana analitambuaje jiwe lililobanwa kwa ndani na lile lililoegeshwa tu. Akaja mbele, akaokota vijiwe vya uwanjani, akachuchumaa, na wale wa ukutani wakashuka wote kumzunguka. Mimi sikuona kitu tena, nilikuwa nyuma ya migongo. Kesho maji yatakupwa saa nne na nusu.